Fizikia tupu au ya ualimu, hesabu mwanzo au baadaye: kupanga kozi za shahada kabla dirisha la usajili halijafungwa

Wiki ya kwanza chuoni nilisajili kozi kwa kuchungulia skrini ya mwenzangu wa chumbani, ambaye hata fizikia hakuwa anasoma. Yeye alikuwa wa kemia. Nilipokwama kwenye zile za hiari, kaka mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa amekaa nasi kwenye kimbweta alitupa ushauri wa bure: "Chukueni hizo nyepesi, zinabeba GPA. Hesabu mtakutana nazo tu mbele ya safari." Tukamsikiliza. Alikuwa ametutangulia mwaka mzima, na alijua mama ntilie yupi anajaza sahani.

Hesabu nilikutana nazo kweli. Ilikuwa mwaka wa pili, kipindi cha kwanta, fizikia ya chembe ndogo kama elektroni. Mhadhiri aliandika matriksi ndogo ubaoni, namba nne kwenye mistari miwili, akasema, "Thamani zake za aigeni mnazijua," akafuta, akaendelea. Darasa zima tukaitikia kwa vichwa. Likizo ile, wenzangu walipokuwa fildi kwa mafunzo ya kazi, mimi nilikuwa nasubiri sapu, mtihani wa marudio.

Kwa hiyo matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na wadogo zangu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) wanapoanza kunitumia meseji, siwezi kuwajibu kwa neno moja. Wanauliza mambo matatu: wachukue fizikia tupu au ya ualimu, hesabu wazimalize mapema au wazisambaze, na mwaka wa tatu waelekee wapi. Nayalinganisha hapa yote matatu, na penye upande ninaoegemea nitausema. Mifano yangu ni ya Tanzania, ambako shahada ya sayansi kwa kawaida ni miaka mitatu. Kenya ni minne, na huo mwaka mmoja unabadilisha hesabu mahali fulani, nitapagusa.

Fizikia tupu na fizikia ya ualimu

Tuanze na kipimo kilicho sawa kwa zote mbili. Kwa mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: lekcha, semina, maabara na kujisomea, vyote ndani. Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Mfuko ni huo huo mmoja. Tofauti ni unagawanywa vipi.

Kwenye fizikia tupu, sehemu kubwa ya mfuko inakwenda kwenye fizikia yenyewe na hesabu zinazoibeba, kisha kozi chache za jumla kama mawasiliano na maendeleo. Kwenye ualimu mfuko unagawanywa mara tatu: fizikia, somo la pili la kufundishia, na kozi za elimu kama saikolojia, mitaala na mbinu za ufundishaji, halafu juu yake kuna TP, unakwenda kushika chaki shuleni kwa wiki kadhaa. Mgawanyo huo lazima usukume kitu nje. Kinachosukumwa kwa kawaida ni kozi za ngazi ya juu: umeme-sumaku ya pili, kwanta ya pili, fizikia ya takwimu. Utamaliza ukiwa unazijua kwa majina.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Wa ualimu anamaliza akiwa mwalimu, siku ile ile. Wa fizikia tupu akitaka kufundisha sekondari inabidi aongeze stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo ni mwaka mmoja. Kenya ni vivyo hivyo, na zaidi ya hapo TSC, tume ya walimu, wanataka masomo mawili ya kufundishia na daraja la C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, katika masomo hayo, kwa hiyo mtu wa fizikia tupu asiye na somo la pili anaweza kujikuta mlangoni na vyeti vyote mkononi. Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikiwaweka walimu wa sayansi na hesabu miongoni mwa vipaumbele. Usome mwongozo wa mwaka wako, lakini kama bumu, fedha ya mkopo, ndilo litakaloamua usome au usisome, jambo hili si dogo.

Na anayetaka kwenda mbele kwenye fizikia akiwa ametoka ualimu? Njia ipo, nayo pia inagharimu mwaka. Kituo cha ICTP kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, kina diploma ya mwaka mmoja iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana wa nchi zinazoendelea ambao shahada zao ziliacha mapengo. Kigali kuna taasisi ndugu yake, EAIFR, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayotoa shahada ya uzamili. Ukiangalia vizuri, mlango wowote kati ya hii miwili ukiukosea, kurekebisha ni kama mwaka mmoja. Ndiyo maana huwa nawaambia wadogo zangu wasilie usiku kucha kwa ajili ya jina la shahada.

Wanapotakiwa kukosa usingizi ni kwenye somo la pili. Mwalimu mtarajiwa wa fizikia na hesabu anapata kalkulasi, aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi kwa lazima, tena zinafundishwa na idara ya hisabati yenyewe. Wa fizikia na kemia, au fizikia na jiografia, anazipata kwa kuibia. Nimeona wa ualimu wa fizikia na hesabu wakimburuza mtu wa fizikia tupu kwenye karatasi ya mekanika bila huruma. Kama unachukua ualimu lakini moyoni unataka kubakiza mlango wa fizikia wazi, chukua hesabu iwe ya pili. Hapa siyumbi.

Kuhusu chuo gani, sitalinganisha majengo. Ila watu hudharau vyuo vishiriki kama Mkwawa ya Iringa kwa kuwa si "Mlimani", kampasi kuu ya Dar es Salaam. Mkwawa ilikuwa sekondari kabla ya kuwa chuo kishiriki, na hapo ndipo mwanafunzi Erasto Mpemba alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza nao, kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi akajaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Swali la jengo liwe la mwisho.

Ratiba mbili za hesabu

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, ingawa siku ya usajili hapaonekani hivyo. Kozi za fizikia nyingi ni za lazima, huna cha kuchagua. Unachochagua ni hesabu zije lini, na nini kikae pembeni yake.

Kwanza tuhesabu muda. Krediti 60 kwa muhula ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki, sawa na ajira. Kozi moja ya krediti 12 inadai saa 8 kwa wiki, na darasani utakaa labda nne. Nne zilizobaki ni zako na daftari lako. Mtu anayejirundikia kozi saba za namna hiyo kwa sababu "zote ni rahisi" anajiahidi saa 56 kwa wiki. Hazipo. Foleni ya maji hosteli pekee inakula nyingine.

Sasa zitazame ratiba mbili. Nitaziita za Asha na Juma, watu wa kubuni, ingawa Juma ananifahamu vizuri.

Asha anaweka hesabu mbele. Muhula wa kwanza ana kalkulasi na aljebra ya mstari pembeni ya mekanika na maabara. Wa pili ana kalkulasi ya vekta na milinganyo tofautishi, pembeni ya umeme na sumaku na mawimbi. Mwaka wa pili anaingia mbinu za hisabati za fizikia (mifululizo ya Fourier, namba changamano na wenzao), mekanika ya Lagrange na Hamilton, kisha kwanta. Kozi za jumla anazitawanya, moja kila muhula, zimpe pumzi.

Juma anaweka wepesi mbele. Mwaka wa kwanza anachukua kalkulasi ile ya lazima tu, na nafasi zote za hiari anazijaza kozi za jumla. Aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi anazisukuma mwaka wa pili. Kwenye karatasi hakuna ubaya, krediti ni zile zile.

Ubaya unakuja kwenye mpangilio. Mwaka wa kwanza muhula wa pili, umeme na sumaku inafika kwenye sheria ya Gauss, inayounganisha chaji na uga wa umeme unaopita kwenye uso unaoizunguka. Asha wiki hiyo hiyo yuko kwenye intigrali za uso darasa la hesabu, na kitu kimoja anakiona mara mbili kwa siku tatu. Juma anakariri fomula, nayo inatosha kwa sababu maswali ya mwaka wa kwanza ni ya tufe na silinda. Anapata B+. Anafurahi. Mwaka wa pili ndipo fizikia inapodai deni lake: milinganyo ya Maxwell sasa inaandikwa kwa alama za vekta, themodinamiki inataka kutofautisha kwa kigeu kimoja huku kingine kimeshikiliwa, kwanta inataka matriksi. Na wakati huo huo Juma ndiyo kwanza anaanza kusoma matriksi chumba cha jirani.

Nirudi kwenye ile matriksi iliyoniangusha. Mstari wa juu ulikuwa na 0 na 1, wa chini 1 na 0. Basi. Aliyesoma aljebra ya mstari anajua namna ya kupata thamani za aigeni, zile namba maalumu za matriksi: anatoa λ kwenye ulalo mkuu, anatafuta kiainishi (determinanti), anapata λ² − 1 = 0, kwa hiyo λ ni 1 au −1. Mistari miwili, dakika moja. Kisha anabakiwa na dakika 49 za kipindi kusikiliza fizikia yake: kwamba ukipima spini ya elektroni, yaani mzunguko wake wa ndani, kwa mhimili wa x unapata majibu mawili tu, na hakuna la tatu katikati. Mimi dakika hizo 49 nilizitumia kujiuliza ile 1 na ile −1 zimetoka wapi. Fizikia ilipita mbele yangu kama basi lililojaa.

Na GPA? Ndiyo hoja ya kaka wa kimbwetani, tuipe haki yake. GPA ya mwisho inapimwa kwa krediti za miaka yote. Tuseme Juma alipata 4.0 mwaka wa kwanza, 2.9 wa pili na 3.0 wa tatu. Wastani ni 3.3, daraja la pili la chini. Asha alianza na 3.4 huku akitokwa jasho, akapata 3.6, kisha 3.7. Wastani unapita 3.5, yuko daraja la pili la juu. Namba ni za kubuni, lakini umbo la mistari hiyo miwili, mmoja unaoshuka na mwingine unaopanda, nimeliona kwa watu wengi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Na anayesoma maombi ya uzamili huangalia mwaka wa tatu kabla ya wa kwanza.

Haimaanishi ratiba ya Asha ni ya kila mtu. Kama umetoka PCB (biolojia mahali pa hesabu) na hesabu yako ni BAM, ile ya msingi tu, au umepitia diploma na kalkulasi uliiona kwa mbali, kubeba hesabu mbili nzito muhula wa kwanza kunaweza kukuzamisha kabla hujajua maktaba iko wapi. Kusapu kozi mbili muhula wa kwanza ni mwanzo mbaya, na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, si hadithi ya kutishia watoto. Kwa mtu huyo ratiba ya tatu ndiyo nzuri: hesabu moja kila muhula, bila kuruka muhula hata mmoja, hadi milinganyo tofautishi na aljebra ya mstari ziwe zimekwisha kabla kwanta haijaanza. Atakosa raha ya Asha ya kuona Gauss mara mbili wiki moja, lakini hatafika kwenye kwanta mikono mitupu.

Kenya mwaka wa nne unasaidia hapa. Unaweza kuweka hesabu mwaka wa kwanza na wa pili kwa utulivu, na fizikia nzito ikaanza wa tatu. Kwenye miaka mitatu hakuna nafasi hiyo. Kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka, ukiikosa Oktoba unaisubiri Oktoba nyingine, na Oktoba zako ni tatu tu.

Mwaka wa tatu: mikondo minne

Hapa ndipo vijana hupenda kuongea kwa saa nyingi, na mimi ningependa wapaongelee kwa saa chache. Majina ya kozi hutofautiana chuo na chuo, lakini mikondo kwa jumla ni hii:

| Mkondo | Unachosoma | Kinachopaswa kuwa kimekwisha | Kunakoelekea |
|---|---|---|---|
| Nadharia na anga | kwanta ya pili, uhusianifu wa Einstein, fizikia ya nyota | hesabu zote, mekanika ya Lagrange | uzamili: ICTP, EAIFR, AIMS (taasisi ya hisabati ya Afrika) |
| Elektroniki na kompyuta | nusukipitishi, saketi za dijiti, uigaji kwa kompyuta | saketi za msingi, programu | viwanda, mawasiliano, kujiajiri |
| Dunia na hali ya hewa | jiofizikia, fizikia ya angahewa | mawimbi, Fourier, kozi moja au mbili za jiolojia | GST Dodoma (jiolojia), TMA (hali ya hewa), jotoardhi, madini |
| Nyuklia na mionzi | nyuklia, kinga ya mionzi | fizikia ya kisasa, kwanta ya kwanza, takwimu | TAEC Arusha (tume ya nguvu za atomu), hospitali za saratani |

Nadharia ni tamu na ndiyo inayoleta wengi kwenye fizikia. Iwapo una uhakika unakwenda uzamili, ichukue. Ukiichukua bila mpango wa uzamili, cheti chako mwajiri wa hapa atakisoma na kukuuliza, "Sasa unaweza kufanya nini?" Jibu lipo, ila inabidi ulijibu kwa kitu ulichokitengeneza, mara nyingi programu ya kompyuta. Anga ina mvuto zaidi Kenya, kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika kwenye mradi wa darubini ya redio ya SKA, na Nairobi wana shahada yenyewe ya anga.

Nyuklia inahitaji neno la tahadhari. Wengi wanaichagua wakiwa na picha ya kufanya kazi hospitali ya Ocean Road au Bugando, kwenye mashine za tiba ya mionzi. Kazi hiyo ipo na inahitaji wanafizikia, lakini shahada ya kwanza ya fizikia peke yake haikufanyi mwanafizikia wa tiba. Unahitaji uzamili wa fizikia ya tiba na mafunzo ya hospitalini juu yake. Kwa hiyo kozi ya nyuklia mwaka wa tatu ni tiketi ya kituo cha kwanza. Ukiijua hivyo, hutalia.

Mkondo wa dunia ndio unaosahauliwa, na sielewi kwa nini. Bonde la Ufa limepita hapa hapa kwetu. Kenya wanazalisha umeme wa mvuke wa ardhini Olkaria, na Tanzania utafiti wa jotoardhi unaendelea sehemu kama Ngozi kule Mbeya. Mtu wa fizikia aliyekaa na wanajiolojia mihula miwili na anayejua kuchambua mawimbi ya tetemeko kwa kompyuta ni adimu. Kasoro yake ni kwamba kozi za jiolojia ziko idara nyingine na ratiba hugongana. Inabidi uanze kuzitafuta mwaka wa pili, uende mwenyewe kwa mratibu, ubishane kidogo kwa adabu.

Kwa ambaye hajaamua kabisa, mimi naegemea elektroniki na kompyuta. Sababu yangu ni ya maabara. Chukua kipinga cha kilo-omu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1, viunge mfuatano, ulishe mkondo-geu, utazame kwenye osiloskopu mawimbi ya kapasita yanavyofifia unapopandisha marudio kupita kama hezi 159. Hapo ndani kuna mlinganyo tofautishi, kuna namba changamano, kuna Fourier, na kuna kitu unachoweza kukishika. Nusu ya hesabu za Asha zimejificha kwenye vifaa viwili ambavyo Kariakoo ni bei ya soda. Na aliyejua hapo anaweza kuhamia jiofizikia, hospitali au hata nadharia bila kuanza upya.

Lakini mikondo yote minne isikupotoshe kuhusu uzito. Ule mtihani wa GRE wa fizikia, ambao baadhi ya vyuo vya Marekani vilikuwa vikiudai kwa uzamili na vingi vimeuacha, unafaa kama mizani hata kama hutaufanya. Mekanika ina asilimia 20, umeme-sumaku 18, kwanta 12, themodinamiki na fizikia ya takwimu 10, fizikia ya atomu 10, optiki na mawimbi 9, uhusianifu 6, mbinu za maabara 6. Fani maalumu zote, nyuklia, hali mango, anga na zilizobaki, zikiwekwa pamoja: 9. Hicho ndicho kipande tunachokibishania usiku kucha hosteli. Nne kubwa za mwanzo ni 60, na zote nne zinasimama juu ya hesabu za mwaka wa kwanza.

Mambo mawili madogo

Programu: Python au MATLAB? Python. Ni bure, na hata simu ya Android inaiendesha. Kama kozi yenu inafundishwa kwa MATLAB na huna leseni, Octave ni bure na inafanana nayo vya kutosha kwa mazoezi. Fortran usiicheke ukiielekea hali ya hewa, maana modeli nyingi za utabiri bado zimeandikwa kwa lugha hiyo. Isome kozi ya programu mwaka wa pili, si wa tatu, ili uitumie kwenye mradi badala ya kujifunza ukiwa ndani ya mradi.

Mradi wenyewe: watu huchagua mada, mimi nachagua msimamizi. Mada nzuri chini ya msimamizi anayesafiri muhula mzima ni mateso. Mada ya kawaida chini ya mtu aliye ofisini Jumanne na Alhamisi, na ambaye kifaa chake cha maabara kinafanya kazi, itakupa A na barua ya mapendekezo yenye maneno ya kweli. Anza kumzoea mwaka wa pili.

Kabla ya kubonyeza "sajili"

Kitabu cha chuo kina kozi nyingi kuliko zinazofundishwa. Utaona jina zuri, labda fizikia ya plazma, umepanga mwaka wa tatu wote kulizunguka, kumbe mhadhiri wake yuko masomoni nje na haijatolewa miaka miwili. Nenda ofisi ya idara uulize maswali mawili: hii inatolewa muhula gani, na mwaka jana ilitolewa? Uulize pia kama inagongana na maabara, kwa sababu maabara hula alasiri nzima na haisogezwi kwa ajili yako.

Halafu mtafute mtu wa mwaka wa tatu, siyo wa pili. Wa pili bado hajalipa deni, atakuambia kozi zipi zinabeba GPA. Mwombe wa mwaka wa tatu daftari lake la kwanta na pasti pepa moja. Fungua ukurasa wowote wa katikati. Kila alama usiyoielewa, muulize aliisoma kwenye kozi gani na muhula upi, uandike pembeni. Ukimaliza kurasa tatu utakuwa na orodha ya kozi nne au tano zenye tarehe. Ilinganishe na ratiba uliyojaza kwenye mfumo. Penye kozi ambayo tarehe yake kwako iko baada ya kwanta, toa moja ya zile nyepesi uiingize hapo. Dirisha la kubadilisha kozi kwa kawaida liko wazi wiki chache tu za mwanzo wa muhula, na siku ya mwisho mfumo huwa hauingiliki, kwa hiyo nenda siku mbili tatu kabla.